Kifaa cha Kwanza cha Faragha: Mwongozo kwa Mtu Mzima Anayeanza

Kijitabu hiki ni cha watu wenye miaka 18 na zaidi. Kinamhusu mtu aliye kwenye ndoa, mjane, mtalaka, anayeishi peke yake, na mama aliyekoma hedhi ambaye tendo la ndoa limeanza kumuuma. Hatumshawishi mtu kununua chochote. Asiyetaka vitu hivi hajapungukiwa na kitu, na mwenye swali la dini atamuuliza shekhe au mchungaji wake, si sisi.

Tumekiandika kwa sababu vifaa hivi tayari viko mitaani. Vinatangazwa kwenye simu, vinauzwa katika vijiduka vya ghorofani katikati ya Nairobi, na bodaboda anakufikishia mlangoni ndani ya mfuko mweusi. Mnunuzi hana wa kumuuliza. Muuzaji naye, mara nyingi, anajua bei na rangi tu.

Pwani haijawahi kukosa walimu wa mambo ya chumbani. Somo na kungwi walimfunda mwari usafi, subira na kuujua mwili wake kabla hajakabidhiwa kwa mtu mwingine. Mafunzo hayo yangali na maana, na yana adabu kuliko matangazo mengi ya leo. Ila kungwi hakukutana na plastiki laini iliyochanganywa kemikali, wala betri ya kuchaji. Hapo ndipo tunapoingia.

Kimetengenezwa kwa nini?

Wanaoanza huuliza kwanza ukubwa, halafu bei. Sisi tunakuomba uanze na malighafi, kwa kuwa kifaa hiki kitagusa ngozi nyembamba sana, inayofyonza vitu upesi na kuchubuka upesi.

Malighafi salama si nyingi: silikoni halisi, plastiki ngumu inayoitwa ABS, chuma cha pua, na kioo kigumu cha aina inayotumika kwenye vyombo vya maabara. Sifa yao moja ni kwamba hazina vitundu. Maji na sabuni vinafika kila mahali palipo na uchafu, na uchafu unatoka.

Zile za kuepuka zinavutia zaidi dukani. Ni laini mno, zinang'aa, nyingine zina rangi ya kuonea ndani kama peremende. Huitwa jeli, mpira laini, TPE au TPR, au "ngozi bandia". Zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na ndani yake hubaki ute, bakteria na fangasi hata ukiosha kwa bidii. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo: wanawake, wengi wao wenye virusi vya HPV, walipewa vifaa vya kutumia, kisha vikasafishwa na kupimwa. Baada ya saa 24, baadhi ya vile vya mpira laini bado vilikuwa na chembechembe za virusi. Vya silikoni havikuwa nazo. Jaribio lilihusisha watu wachache, hatulifanyi kuwa sheria, lakini linakubaliana na jinsi vitundu vinavyofanya kazi.

Kuna jambo la pili kuhusu plastiki laini. PVC, moja ya plastiki hizo, kwa asili ni ngumu. Ili ilainike huongezewa kemikali za kundi liitwalo fathaleti, ambazo hazishikamani nayo moja kwa moja bali huvuja polepole. Baadhi yake huvuruga homoni na uzazi. Umoja wa Ulaya ulianza kuzizuia katika vitu vya kuchezea watoto mwaka 1999, na tangu Julai 2020 umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa nne kati yake katika bidhaa nyingi za kawaida za plastiki. Denmark ilichapisha uchunguzi wa kemikali zilizomo ndani ya vifaa vya faragha mwaka 2006, na fathaleti zilikuwamo. Bidhaa isiyokubalika katika soko moja hutafuta soko lingine lisilopima, na sisi tuko upande huo wa bahari.

Utajuaje, bila maabara? Nusa. Silikoni halisi haina harufu. Kifaa kinachonuka kama ndala mpya au pazia la bafuni kirudishe. Kiguse: kikiacha unyevunyevu wa mafuta mkononi, au kikiwa kinanata, hapana. Soma boksi. Maneno "silikoni" na "kama silikoni" hayana undugu. Na ukikuta boksi limeandikwa kwamba bidhaa ni ya utani au ya zawadi tu, jua mtengenezaji amejitoa mapema kwenye lawama. Mitandaoni wapo wanaoshauri kukipima kwa kiberiti. Usihangaike, utabaki na moshi wa plastiki ndani ya nyumba na bado hutakuwa na jibu.

Tangu 2021 kuna kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 3533, kinachoeleza malighafi, umbo na maelezo anayopaswa kupewa mnunuzi. Kilianzia Uswidi, kwa daktari mpasuaji aliyekuwa akipokea wagonjwa waliokwamiwa na vitu mwilini. Nchi hiyo haishangai kuvikuta vifaa hivi mahali pa afya: maduka ya dawa ya Apoteket, ambayo ni ya serikali, yalianza kuviuza mwaka 2008. Kwetu ni nadra kuona namba hiyo kwenye boksi, lakini ukiiona, ni dalili njema.

Umbo na nguvu

Kwa mwanamke anayeanza, ushauri wetu ni kifaa kidogo cha kutumia nje tu, kisichozidi urefu wa kiganja, chenye kitufe kimoja au viwili na mtetemo unaoanzia chini kabisa. Matangazo husifu vifaa vyenye mitindo ishirini ya kutetema na programu ya simu. Hivyo ni vya baadaye, kama vina haja yoyote. Kifaa kinachounganishwa na simu huweza pia kupeleka taarifa zako za faragha kwa kampuni usiyoijua.

Sababu ya kuanzia nje ni ya kimaumbile. Wanawake wengi hufika kileleni kwa kinembe kuguswa kuliko kwa kuingiliwa peke yake. Sehemu kubwa ya kinembe imejificha ndani ya mwili, na kichwa kinachoonekana kina mishipa ya fahamu mingi mno: hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2022 ilikuta zaidi ya nyuzi 10,000 katika mshipa unaokihudumia. Mahali pa namna hiyo hapahitaji nguvu. Anza juu ya nguo ya ndani, au pembeni, kiwango cha chini, dakika chache. Ganzi au muwasho ukianza, simama. Hakuna anayesubiri matokeo.

Kwa aliyekeketwa tungependa kusema zaidi, kwa kuwa vijitabu vingi humwacha nje. Ukeketaji huondoa sehemu ya nje, lakini mara nyingi sehemu ya ndani ya kinembe ipo, na wapo wanaoendelea kuhisi raha. Kovu, hata hivyo, linaweza kuwa gumu, kuuma, au kuwa na uvimbe chini yake. Usiweke mtetemo juu ya kovu linalouma. Zungumza kwanza na mkunga au daktari wa wanawake. Aliyeshonwa asijaribu kabisa kuingiza kitu chochote kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Ukitaka kifaa cha kuingiza ukeni, chagua chembamba, upana wa kidole kimoja au viwili, chenye ncha ya mviringo na uso usio na vinundu. Kiwe kinapinda kidogo. Picha za matangazo hupotosha ukubwa, basi chukua rula usome vipimo kwa sentimita kabla ya kulipa. Maumivu si hatua ya kuzoea. Kama kila kitu kinachoingia, hata kisodo, kinakutana na ukuta wa misuli iliyokaza, hiyo ni hali inayojulikana na inayotibika, na matibabu yake huweza kuhusisha vipanuzi laini vya ukubwa unaopanda polepole, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo. Vipanuzi hivyo hivyo hushauriwa kwa baadhi ya wanawake waliopata mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, ili uke usijifunge kwa kovu. Kama wewe ni mgonjwa wa namna hiyo, muulize nesi wa kliniki yako waziwazi. Ni swali la matibabu, na si utovu wa adabu.

Kwa wanaume, pete ya uume iwe ya silikoni inayovutika, kamwe isiwe ya chuma kwa anayeanza. Ivuliwe ndani ya dakika 30, na mara moja ikiwa kuna baridi, ganzi au rangi kubadilika. Usilale nayo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye selimundu, aachane nayo.

Kuhusu njia ya haja kubwa tuna sharti moja lisilo na mjadala: kifaa kiwe na kitako kipana kuliko kifaa chenyewe. Misuli ya hapo huvuta vitu ndani, na ndani hakuna mwisho wa karibu. Tango, chupa na chombo chochote cha jikoni havifai. Epuka pia vilainishi vyenye dawa ya ganzi, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokuambia kwamba unajiumiza.

Kilainishi

Nunua kilainishi cha maji siku ileile unayonunua kifaa. Kinafaa kwa malighafi zote na kwa kondomu. Kilainishi cha silikoni hudumu zaidi lakini huharibu uso wa kifaa cha silikoni. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na losheni hudhoofisha kondomu za mpira ndani ya dakika chache, na ukeni huweza kuvuruga hali ya asili. Mate hukauka upesi na hubeba vijidudu.

Chagua kisicho na manukato, ladha wala "joto". Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika ya UNFPA na FHI 360, lilishauri vilainishi visizidi osmolaliti (kipimo cha ukolezi) ya 1,200, kwa kuwa vinavyozidi hapo hunyonya maji kutoka kwenye seli na kuziumiza. Vyenye glisirini nyingi ndivyo vinavyopita kiwango hicho kwa urahisi. Kabla ya kukitumia, pakaa kidogo sehemu ya ndani ya mkono, subiri siku nzima uone kama kitawasha.

Usafi na kuhifadhi

Osha kabla na baada, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, kisha suuza vizuri. Kifaa cha silikoni au chuma kisicho na mota unaweza kukichemsha dakika tano. Chenye mota usikizamishe mpaka boksi liseme IPX7 au zaidi. Kikauke kabisa, kisha ukiweke kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, mbali na vifaa vingine.

Kisitoke njia ya haja kubwa kikaingia ukeni bila kuoshwa au kuvishwa kondomu mpya. Watu wawili wakikitumia, kila mmoja awe na kondomu yake. Virusi havijui kwamba mmeoana.

Betri za kisasa zinaweza kushika moto zikichajiwa vibaya: tumia waya uliokuja na kifaa, na usichajie kitandani ukiwa umelala. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo awe mwangalifu na chaja za sumaku. Mjamzito mwenye damu inayotoka, au aliyeambiwa kondo limekaa chini, asitumie kitu ndani. Aliyejifungua asubiri vidonda vipone na uchunguzi wa wiki sita upite.

Kwa wawili, na kwa wasafiri

Kifaa kisiingie chumbani kwa kushtukiza. Mwambie mwenzio mchana, mkiwa mmevaa, mkiwa hamjagombana. Wanaume wengi husikia kwamba wamepungukiwa. Mwanamke naye anaweza kusikia kwamba analinganishwa. Msikilizane kwanza. Akikataa, jibu ni hilo, na halihitaji sababu.

Sheria hutofautiana. Julai 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuzuia uingizaji na uuzaji wa vilainishi vya ngono, kwa hiyo anayeishi huko aulize hali ilivyo sasa kabla ya kuagiza. Anayekwenda kufanya kazi Saudi Arabia au Falme za Kiarabu asibebe kifaa chochote cha aina hii. Ni marufuku, na forodha hufungua mizigo.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kama kuna damu isiyo ya hedhi, maumivu yasiyoisha, homa, uchafu wenye harufu, au pete isiyovulika. Kitu kikikwama njia ya haja kubwa, nenda siku hiyo hiyo. Usikifuate kwa koleo wala kijiko, usinywe dawa ya kuharisha, na usile chochote njiani, kwani huenda ukahitaji kupewa usingizi. Kwa muuguzi wa zamu sema mambo matatu: ni kitu gani, kina ukubwa gani, na kimekaa kwa muda gani. Kama kina betri, taja na hilo.