SOMO: ARDHIOEVU YA MALAGARASI NA NDEGE WAKE

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa lazima ivuke Mto Malagarasi. Burton na Speke mwaka 1858, na Stanley mwaka 1871, walivushwa kwa mitumbwi baada ya kulipa hongo katika nchi ya Uvinza. Hongo wakati huo ilikuwa ushuru halali wa njia, si lile jambo ambalo watumishi wa umma wanakatazwa leo.

Mto huo hulishwa na ardhioevu kubwa ya Malagarasi–Muyovozi. Eneo hilo, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000, lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, mwezi Aprili 2000. Ndani yake mna maziwa, vinamasi vya mafunjo, mbuga zinazofurika na misitu ya miombo.

Mvua zinyeshapo, kati ya Novemba na Aprili, maji husambaa mbugani. Mafunjo huyapunguza kasi, tope hutuama, na samaki huzaliana katika majani yaliyofurikiwa. Kiangazi maji hayo hutoka kidogo kidogo kuelekea Ziwa Tanganyika. Hivyo mkazi wa Tabora anayetumia maji ya Mto Ugalla, ambao humwaga maji yake Malagarasi, anahusika na kinamasi ambacho pengine hajapata kukiona.

Miongoni mwa ndege wanaokitegemea, wa kutazamwa kwa makini ni korongo-nyangumi, mwenye mdomo mpana kama kiatu. Huyu hakimbizi mawindo. Husimama kimya muda mrefu katika maji mafupi, akimsubiri kamongo apande juu kuvuta hewa. Hutaga kwa kawaida mayai mawili, lakini aghalabu hukuza kinda mmoja tu. Kwa hiyo tago moja likiteketea kwa moto, mwaka mzima wa uzazi umepotea kwa jozi hiyo. Mfereji ukichimbwa na maji yakakauka, kamongo hujifukia ardhini na ndege hana chakula.

Moto wa kuotesha majani mapya, mashamba ya mpunga na makundi makubwa ya ng'ombe ndiyo yanayokisogelea kinamasi. Si haki kumlaumu mfugaji peke yake: mwezi Septemba, ambapo nyanda za juu zimekauka, malisho mabichi yamebaki pembeni mwa maji. Anayemwondoa bila kumwonyesha njia ya kunyweshea mifugo na mahali pengine pa malisho atamkuta palepale mwaka unaofuata.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Maofisa kilimo na watendaji wa vijiji wanaombwa kuupima umbali huo kwa kamba, mbele ya wenye mashamba, kabla ya msimu wa kulima. Mipaka iwekwe alama zinazoonekana hata majani yakirefuka, na njia za mifugo kwenda majini zikubaliwe katika mkutano mkuu wa kijiji.