PEDALI YA BREKI IKIWA LAINI: SABABU ZAKE NA DAWA YAKE

Msafiri atokaye Faza, katika kisiwa cha Pate, kwenda Mombasa huanza safari yake kwa chombo cha baharini. Hushuka Mokowe, ndipo apande gari la kumpeleka Witu, Garsen, Malindi na mbele. Baharini humtumaini nahodha. Barabarani huitumaini breki. Nahodha ambaye tanga lake limepasuka hang'oi nanga. Vivyo hivyo, dereva ambaye pedali yake ya breki imekuwa laini kama sifongo hapasi kupakia abiria mpaka sababu ijulikane.

Katika motokaa nyingi, nguvu ya mguu hupelekwa magurudumuni kwa mafuta ya breki. Pedali ikikanyagwa husukuma mafuta yaliyomo katika silinda kuu, nayo hupita katika mabomba membamba mpaka kwenye kila gurudumu. Kazi hii huwezekana kwa kuwa mafuta hayashindiliki. Upepo, lakini, hushindilika. Awezaye kuhakikisha na achukue pampu ya baiskeli, aizibe tundu kwa kidole na kuisukuma: itabonyea kama springi. Akiijaza maji haitabonyea. Basi upepo ukiingia katika mabomba ya breki, nguvu ya mguu huishia katika kuushindilia upepo huo, na gari haisimami upesi.

Sababu ya pili ni unyevu. Mafuta ya kawaida ya breki hunywa maji kutoka hewani, na hewa ya pwani haikosi unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya kufikia digrii 205 za Sentigredi. Yakiisha kunywa maji kiasi cha asilimia nne hivi, huweza kuchemka kwa digrii 140. Breki zikipata moto sana, mafuta hayo hutoa mvuke, nao hubonyea kama upepo. Ndiyo sababu mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kabla ya kutengeneza, dalili zichunguzwe. Pedali ikipanda baada ya kukanyagwa mara kadhaa, huenda mna upepo, au breki za nyuma zimelegea. Ikizama polepole huku mguu umeikalia, mafuta yanavuja nje au mipira ya ndani ya silinda kuu imechakaa. Mabomba yatazamwe pia, kwani chumvi ya bahari huyala kwa kutu, na mabomba ya mpira yaliyozeeka huvimba.

Kama hapana pavujapo, upepo hutolewa na watu wawili. Gari isimamishwe mahali tambarare na magurudumu yatiwe vizuizi. Kikopo cha mafuta kifutwe vizuri, kisha kijazwe mafuta mapya ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari. Kwa kawaida huanzwa gurudumu lililo mbali kabisa na silinda kuu. Mpira mwembamba uvishwe kwenye nati ya kutolea upepo, na ncha yake ya pili itumbukizwe katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mmoja akanyage pedali polepole na kuishikilia. Mwenziwe aifungue nati, aache mafuta na mapovu yatoke, kisha aifunge. Hapo ndipo mguu uondolewe. Kazi irudiwe mpaka yatoke mafuta matupu, halafu gurudumu lifuatalo. Kikopo kisiachwe kikauke, maana upepo utaingia upya na kazi yote itakuwa bure.

Mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika breki, kwani huivimbisha mipira na kuiharibu. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Ni sumu, tena hubabua rangi ya gari. Magari mapya yenye breki zinazoongozwa kwa umeme huenda yakahitaji chombo maalumu cha fundi.

Mwishowe, pedali ijaribiwe injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inanguruma, halafu gari iendeshwe polepole mahali pasipo watu. Ikiwa pedali bado ni laini, gari isitoke. Abiria atachelewa kufika Malindi, lakini atafika.