AFYA YA MWILI: Kutupa Mpira wa Kikapu Bila Kuumia



Huenda katika kiwanja cha shule ya kijiji chako kuna nguzo yenye ubao na pete ya chuma. Jioni watoto na vijana hukusanyika hapo kutupa mpira. Nenda ukawatazame. Utamwona mtoto mdogo anachukua mpira kwa mikono miwili, anauweka nyuma ya bega, anajipinda mgongo, kisha anaurusha kwa nguvu zake zote. Mpira haufiki. Anarudia tena na tena mpaka giza linaingia.

Kesho yake bega linamwuma. Mama anamtuma kuchota maji, mkono haunyanyuki. Baba anasema mtoto huyu ni mvivu. Mtoto si mvivu. Ameumia, na ameumia kwa sababu hakuna mtu aliyemfundisha kutupa.

Leo tutajifunza kutupa. Somo hili ni la vijana. Pia ni la wazazi na mwalimu wa michezo, kwa sababu watu wazima ndio wanaosimika nguzo.

Kimo cha pete

Mchezo huu ulianza Marekani mwaka 1891, katika mji wa Springfield. Mwalimu James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alitaka wanafunzi wake wafanye mazoezi ndani ya nyumba wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi. Roshani hiyo ilikuwa na kimo cha futi 10, yaani mita 3 na sentimita 5. Kimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Kimo hicho hakikupimwa kwa mwili wa mtoto. Kilitokana na roshani, na wanafunzi wale walikuwa watu wazima. Kanuni za kimataifa za mchezo wa watoto zinataka pete iwe na kimo cha mita 2 na sentimita 60, tena mpira uwe mdogo, wa namba 5. Mpira wa wanaume ni namba 7, na uzito wake unazidi nusu kilo. Mtoto wa miaka 9 akiutupa mpira huo kwenye pete ya watu wazima, hawezi kutupa vizuri hata akifundishwa na nani. Lazima ajipinde.

Basi simikeni nguzo ya pili kwa ajili ya watoto. Si kazi kubwa. Fundi wa chuma anaweza kukunja nondo ikawa pete yenye upana wa sentimita 45. Nguzo izikwe chini sana na kushindiliwa vizuri, na msiruhusu mtu yeyote kuning'inia kwenye pete. Nguzo iliyooza chini humwangukia yule anayening'inia au wadogo waliosimama karibu. Kila baada ya masika mtu mzima aitikise nguzo aone kama imelegea.

Nguvu hutoka miguuni

Mtazame mama anayejitwika ndoo ya maji. Hainyanyui kwa mikono peke yake. Hukunja magoti, hushika ndoo, huinuka, na ndoo hupanda pamoja na mwili wake. Angetumia mikono tu, mgongo na mabega yangeumia siku ile ile.

Kutupa mpira ni vivyo hivyo. Miguu ndiyo inayosukuma. Mkono kazi yake ni kuuelekeza mpira.

Simama ukiitazama pete. Tenganisha miguu kwa kadiri ya upana wa mabega yako. Ikiwa unatupa kwa mkono wa kulia, mguu wa kulia uwe mbele kidogo. (Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza maneno haya. Wala usimlazimishe mtoto kubadili mkono.) Kunja magoti kidogo, kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda halafu akaghairi. Mgongo usiinamishe.

Sasa shika mpira. Ushike kwa vidole, usiubandike kwenye kiganja. Jipime hivi: kati ya kiganja na mpira kuwe na nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Mkono wa pili ukae ubavuni mwa mpira, uuzuie tu usianguke. Mkono huo hausukumi. Vijana wengi hukosea hapa: mkono wa pili unasukuma kwa kidole gumba, na mpira unakwenda upande.

Kiwiko kikae chini ya mpira na kielekee kwenye pete. Kikitoka nje kama bawa la kuku, mpira utakwenda kombo, na bega litafanya kazi isiyo yake.

Tazama pete, usitazame mpira. Nyosha magoti, inuka, na wakati mwili unapanda, nyosha mkono juu. Mwisho kabisa kifundo cha mkono kikunjike mbele, kama mtu anayeingiza mkono ndani ya mtungi mrefu. Vidole vya mwisho kuuacha mpira viwe cha shahada na cha kati. Uache mkono juu mpaka mpira ufike.

Ukifanya hivyo, mpira utazunguka kinyumenyume hewani. Mzunguko huo una faida. Mpira ukigonga ubao au chuma, mzunguko huupunguzia mwendo, nao huanguka taratibu karibu na pete badala ya kuruka mbali.

Kwa nini mpira upande juu

Weka ndoo tupu chini. Simama uichungulie kutoka juu: mdomo wake ni duara kubwa. Sasa rudi nyuma hatua chache, uchuchumae, uutazame mdomo ule ule kutoka kando. Umekuwa mwembamba kama jani. Mpira nao hukutana na pete hivyo hivyo. Ukitoka juu, nafasi ni kubwa, kwa sababu mpira wa wanaume una upana wa karibu sentimita 24 tu. Ukija bapa, pete inakuwa nyembamba, na mpira unagonga chuma.

Kwa hiyo mpira wenye kasi kubwa si lazima uwe mpira mzuri. Kijana mwenye misuli ya kulima ekari nzima anaweza kushindwa na msichana mwembamba anayejua kukunja magoti. Mimi naona hilo ndilo linalofanya mchezo huu ufae watu wa kila umbo.

Jinsi ya kujizoeza

Usianze mbali. Simama hatua mbili kutoka kwenye pete. Tupa polepole. Ukifunga mara 10, rudi nyuma hatua moja. Ukiona umeanza kujipinda au kuruka mbele ili mpira ufike, umekwenda mbali kupita nguvu zako. Rudi karibu.

Kama hakuna pete, lala chali kwenye mkeka. Tupa mpira juu kwa mkono mmoja. Ukirudi pale pale mkononi, umeutupa sawa. Ukiangukia pembeni, kiwiko kimetoka nje.

Mtoto mdogo sana anaweza kutupa kwa mikono miwili kutoka chini, kati ya magoti. Wenzake wasimcheke. Rick Barry, mchezaji hodari wa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, alitupa hivyo mitupo ya adhabu, akafunga karibu 9 katika kila 10.

Ukiruka, tua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjika. Fagieni kiwanja kwanza, muondoe miiba na vigae vya chupa. Anayechomwa aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati kuuliza habari ya sindano ya pepopunda. Pumzikeni mnywe maji, hasa jua likiwa kali.

Maumivu

Bega likiuma, acha kutupa kwa siku kadhaa. Maumivu yakiendelea, au yakikuamsha usiku, nenda zahanati. Kwa watoto wanaokua haraka, miaka 10 hadi 15, huweza kutokea uvimbe mgumu wenye maumivu chini kidogo ya goti, kwa mbele. Hajarogwa. Mfupa wake unakua na mshipa wa goti unauvuta. Apunguze kuruka mpaka maumivu yatulie. Lakini kama goti lina joto, au mtoto ana homa, au hawezi kukanyaga, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Aksidenti inayotokea mara nyingi ni mpira kugonga ncha ya kidole. Hapo utasikia mtu akisema, "Leta nikivute!" Mkatalie. Kidole kinachovutwa huweza kuumia zaidi, na kama mfupa umevunjika utasogea. Vua pete ya kidoleni mapema, kabla uvimbe haujaibana. Tia mkono kwenye maji baridi kwa dakika 10 au 15. Usikande kwa maji ya moto siku mbili za kwanza. Kama kidole kimenyooka na kinakunjika, kifunge kwa kitambaa pamoja na kidole jirani, usikaze mno.

Ikiwa kidole kimepinda au kimekufa ganzi, nenda kituo cha afya. Nenda pia ikiwa ncha yake imeinama na huwezi kuinyosha mwenyewe, hata kama haiumi sana. Hapo mshipa unaonyosha ncha umekatika. Mganga atakifunga kidole kikiwa kimenyooka, na kitakaa hivyo wiki 6 au zaidi, usiku na mchana. Usikifungue kujaribu kama kimepona, maana ncha ikiinama hata mara moja, hesabu ya wiki huanza upya.