«Koneksio ni mbaya»: neno moja, magonjwa matatu

Hapa Goma, ukurasa wa tovuti ukikataa kufunguka, tunasema «koneksio ni mbaya», kisha tunaongeza mega. Kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, naona neno hilo limefunika mambo matatu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni njia. Kutoka hapa hadi Paris ni zaidi ya kilomita 6,000, na ndani ya nyuzi mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi huchukua angalau milisekunde 60, hata tulipe kiasi gani. La pili ni mzigo, yaani picha na faili ambazo simu inapaswa kupakua. La tatu ni seva, ambayo katika tovuti hai hutunga ukurasa upya kwa kila mgeni baada ya kuuliza hifadhidata.

Kuyatenganisha si kazi ngumu. Kwenye kompyuta, fungua Firefox au Chrome, bonyeza F12, chagua sehemu iitwayo «Réseau», kisha pakia ukurasa upya. Kila faili itaonyesha muda wake. Kama muda mwingi unapotea katika kupakua, punguza picha. Kama unapotea kabla ya baiti ya kwanza kufika, na tovuti nyingine zinafunguka upesi, mshukiwa ni seva. Msimamizi wa MySQL anaweza kuiagiza iandike maswali yote yanayochelewa. Kwa kawaida, orodha hiyo ikishawashwa, hunasa yanayozidi sekunde 10 tu, kwa hiyo ashushe kiwango hadi 1. Mara nyingi dawa ni faharasa, ili hifadhidata isisome kila mstari ikitafuta jina moja.

Lakini tusipime wakati wa utulivu tu. Tuseme hifadhidata hujibu swali moja kwa wakati, na kila swali huchukua milisekunde 50. Itajibu maswali 20 kwa sekunde. Yakija 30, kila sekunde 10 hubaki nje. Baada ya dakika moja, 600 yanangoja, na la mwisho litasubiri sekunde 30. Mgeni mmoja asingeona kasoro yoyote. Siku kama 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, mji mzima hutafuta habari kwa wakati mmoja, na ukurasa uliofunguka vizuri jana unaweza kuzama leo.

Ndiyo maana sipendi kuliita tatizo hili «kikwazo». Kikwazo humkwaza mtu asipite. Hapa maswali yanapita, ila mlango ni mwembamba kuliko umati. Napendekeza «foleni», kwa sababu neno hilo humlazimisha msikilizaji kuuliza: foleni iko wapi, njiani, kwenye mzigo, au kwenye seva? Anayejibu swali hilo kwanza hatapoteza pesa kununua mega wakati foleni iko kwenye hifadhidata.