Kurekodi Amri za Kompyuta kwa Maandishi

Mwalimu wa kompyuta aweza kuonyesha matumizi ya amri kwa filamu. Lakini picha moja yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Kioo cha VT100, mtambo uliotolewa mwaka 1978, kilikuwa na safu 80 na mistari 24, yaani nafasi za herufi 1,920 tu.

Programu iitwayo asciinema hutumia tofauti hiyo. Haipigi picha, bali huandika katika faili herufi zinazotokea kiooni pamoja na wakati wake. Wakati wa kuonyesha, hungoja muda ule ule, kisha huziandika upya. Kwa hiyo faili huwa dogo, na mwanafunzi aweza kunakili amri humo.

Tahadhari: neno la siri likitokea kiooni, hata kwa kitambo kidogo, hubaki katika faili. Yafaa mwalimu alisome faili lote kabla ya kuligawa.

Zoezi: Herufi za kwanza zilitokea sekunde 1.5 baada ya kuanza, na zilizofuata sekunde 4.0 baada ya kuanza. Je, programu itangoja muda gani kati yake? (Jibu: sekunde 2.5.)