Plazma Baridi na Sumu ya Kuvu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Uchunguzi ulifichua sumu ambayo baadaye iliitwa aflatoksini. Kuvu aina ya Aspergillus flavus huitengeneza katika mahindi na karanga zisizokauka vyema. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Ubaya wake ni kwamba haiondoki kwa kupikwa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, hali aflatoksini B1 huyeyuka karibu na nyuzi 268. Ugali ukifikishwa huko utakuwa umekwisha kuwa mkaa.

Hivyo wataalamu wamegeukia plazma baridi. Plazma ni gesi ambayo baadhi ya atomu zake zimepokonywa elektroni. Jina hilo lilitolewa na Irving Langmuir wa Marekani mwaka 1928. Jua ni plazma, tena lina moto usiosemeka. Lakini taa ya mrija darasani nayo ina plazma ndani yake, na mrija hauyeyuki. Elektroni, kwa wepesi wao, huipokea nishati ya umeme na kwenda mbio mno, ilhali atomu zilizo nzito hubaki karibu na joto la kawaida.

Katika maabara, umeme wa maelfu ya volti hupitishwa katika hewa iliyo kati ya mabamba mawili ya metali yaliyotengwa kwa kioo. Elektroni huzigonga molekuli za hewa na kuzivunja. Hapo huzaliwa ozoni, atomu pweke za oksijeni na chembe nyingine kali. Hizo huushambulia muungano maradufu ulio pembeni mwa molekuli ya aflatoksini B1, kati ya kaboni ya 8 na ya 9. Ni muungano huohuo ambao vimeng'enya vya ini huugeuza, sumu ikapata kujishikiza kwenye DNA na kuanzisha saratani. Ukivunjwa, sumu hupoteza sehemu kubwa ya ukali wake.

Walakini chembe hizo hudumu muda mfupi na hufika juujuu tu. Sumu iliyopenya ndani ya punje huponea humo. Karanga nazo, kwa wingi wa mafuta yake, huweza kuchacha zikiachwa muda mrefu katika plazma. Tena vipande vya molekuli iliyovunjika havina budi kupimwa kimoja kimoja kabla ya chakula hicho kupewa mtu.