Ibada na Wajibu wa Nyumbani
(Somo: Marko 7:9-13)

Katika somo hili Bwana Yesu anawakemea Mafarisayo. Mtu aliweza kuitaja mali yake kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na tangu hapo wazazi wake hawakupata tena msaada wake. Alionekana mcha Mungu, kumbe ameivunja amri ya nne.

Hata Wakristo wameingia katika shida hii. Katika nchi ya Uswisi, mwaka 1467, mkulima Niklaus von Flüe aliwaaga mkewe na watoto wao kumi, akakaa peke yake katika bonde la Ranft, akisali na kufunga mpaka alipokufa mwaka 1487. Mkewe Dorothea alikubali, na mwana wao mkubwa aliweza kulitunza shamba. Wengi humsifu Niklaus. Wachache humkumbuka Dorothea, aliyebaki na mtoto mchanga. Hatumhukumu mtumishi wa Mungu. Twauliza tu: mzigo wa ibada ile ulibebwa na nani?

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 27, liliwaonya walioacha ndoa na kazi za utawala wakaingia katika nyumba za watawa, wakisema wanaukimbia ulimwengu. Naye Luther aliandika mwaka 1522 ya kuwa baba afuapo nguo za mtoto wake mchanga kwa imani, watu wakamcheka, Mungu pamoja na malaika zake humfurahia.

Labda mtu atasema: Je, Bwana hakutuagiza kumpenda yeye kuliko baba na mama (Mathayo 10:37)? Naam, alituagiza. Jamaa zetu wakitukataza kumkiri Kristo, yatupasa kumfuata Kristo. Lakini mke amwombaye mumewe abaki amwuguze mtoto, hamzuii kumfuata Kristo. Amwonyesha mahali Kristo amngojapo. Hata kujitenga kwa ajili ya sala, Mtume Paulo ataka mume na mke wapatane kwanza, tena iwe kwa muda tu (1 Wakorintho 7:5).

Basi mwalimu aendaye kufundisha, na mama aendaye kukesha katika sala, na wawaulize kwanza walio nyumbani: Chakula kipo? Mgonjwa yupo? Wakisha kuyatengeneza hayo, na waende kwa amani.

Maswali ya kufikiri:
1. Soma 1 Timotheo 5:8. Paulo amfananisha na nani mtu asiyewatunza walio wake?
2. Ni nani nyumbani mwako abebaye mzigo wa ibada yako?